Tennessee Niliyoifundisha Mkalama

Mkuu wa idara ya Jiografia, ambaye nilimfundisha mwenyewe kidato cha pili na ambaye hakuwahi kuchora mshale wa kaskazini bila kukumbushwa, ameniomba niandike kurasa mbili za kuwaachia walimu vijana. Anataka uzoefu. Nimekubali, ila kurasa zimezidi, na uzoefu wenyewe sidhani kama ni ule alioutarajia. Habari za madaraja na barua za kupandishwa sitazigusa, zilikuja zilipokuja. Nataka kusema habari ya jimbo moja la Marekani nililolifundisha tangu ujana wangu mpaka nimestaafu bila kulitia machoni, na habari ya swali moja nililoulizwa mbele ya kijiji kizima nikalijibu vibaya. Swali lile lilimhusu mwanangu. Asiyetaka habari za huzuni asome sehemu ya zana tu, halafu arudi kusahihisha madaftari.

Nilishuka kwenye basi pale Misigiri na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Wakati huo Mkalama haikuwa wilaya, yote ilikuwa Iramba, na hizo ofisi mpya za Nduguti hazikuwapo hata kwa ndoto. Lori la mbegu za alizeti lilinifikisha karibu, nikamalizia kwa miguu, godoro kichwani. Shule ilikuwa na madarasa manne, mawili yenye madirisha. Mimi ni mzaliwa wa Mitundu, Kinyiramba nilikuwa sijui hata salamu, na nilikuwa na njaa.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Kitundu, mwalimu wa Jiografia aliyenitangulia, mtu mrefu mwenye miwani iliyounganishwa kwa uzi wa nailoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Jiografia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tennessee unaijua?"

Nikamwambia naijua, kama mtu anavyosema anajua kitu alichokisomea mtihani. Alicheka bila sauti, mabega tu. "Basi huijui," akasema. "Kanywe chai kwanza."

Baada ya chai alinikabidhi zana. Rula ya mbao ya mita moja. Bikari ya ubaoni iliyofungwa kwa waya. Tufe lililobonyea upande wa Australia, ambalo kila mwaka lilinilazimu kuwaeleza watoto kwamba Australia haina shimo. Na ramani ya Tennessee, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa sukari.

Ramani hii naieleza kwa kirefu kwa sababu siku hizi mnatumia projekta, na projekta haina historia ya familia. Mwalimu Kitundu aliichora kwenye bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Alikinunua Singida mjini mama yake alipokuwa hoi na ndugu wamekwisha kukusanyika. Mama akapona. Akaamka akaomba uji. Dukani kitambaa hakikuweza kurudi, na ndani ya nyumba hakuna aliyetaka kukiona, basi mwanawe akakipeleka shuleni akachora Tennessee. Nilipofika mimi, mama yule alikuwa bado yupo, na mwalimu hakuthubutu kukata hata uzi mmoja uliochomoka kwenye pindo. Nilimuuliza kwa nini asiukate tu. "Mama bado anakula vizuri," akanijibu, na hapo hakuwa akitania.

Namna ya kufundisha alinionyesha yeye, nami nawapa kama nilivyopewa. Anza na umbo. Tennessee ni jimbo refu jembamba, limelala mashariki kwenda magharibi kama kanga iliyoanikwa. Mashariki ni milima, katikati vilima, magharibi nchi tambarare mpaka mto Mississippi. Bendera yao ina nyota tatu kwa ajili ya sehemu hizo tatu, na mtoto akikumbuka nyota hasahau sehemu. Halafu njoo kwenye mto. Mto Tennessee unaanzia mashariki, unateremka mpaka jimbo la jirani kusini, unazunguka huko, kisha unarudi tena ndani ya jimbo lake ukielekea kaskazini. Mto unaoondoka nyumbani na kurudi. Hapo nyamaza kidogo waandike. Waambie bonde lile zamani lilikuwa na mafuriko, udongo uliochoka kwa pamba na mahindi, na malaria. Watakushangaa. Kwa miaka yote hiyo hakuna kitu kilichowafurahisha watoto wangu kama kusikia Marekani kulikuwa na malaria. Mwisho waambie mabwawa yalikuja, umeme ukaja, mafuriko yakakoma, na faida hizo waziorodheshe kwa namba kwa sababu mtihani unapenda namba. Haya yote tulifundisha kwa Kiingereza cha kupapasa, na maswali ya maana watoto waliuliza kwa Kiswahili baada ya kengele.

Mabwawa kwenye ramani yalipakwa bluu ya kufulia, ile ya kutia kwenye mashuka. Siku ya kwanza Mwalimu Kitundu alinionya: "Kila mwanzo wa mwaka yapake upya, na chini ya maji usichore kitu." Nikadhani ni mambo ya usafi. Baadaye sana, mimi nimeshakuwa mtu wa pale, alinieleza. Alipoanza kuchora alinakili kitabu cha zamani, akaweka nukta za penseli kwenye kila kijiji cha bondeni. Ndipo akapata kitabu kipya, akaona pale penye vijiji ni maji matupu. Bafta ilikuwa moja. Hakufuta, alipaka bluu juu yake.

"Ni vingapi?" nilimuuliza.

"Kumi na kimoja."

Niliolewa na mwenyeji. Mume wangu, ambaye leo ni Baba Elia, alikuwa mkulima na mfugaji wa bondeni, mtoto pekee wa mama yake. Nyumba za ukoo zilikuwa kule chini kando ya korongo, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Mama mkwe alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Kabla ya Elia nilijifungua mtoto wa kiume. Aliishi wiki tano. Hakuwa na jina bado, kwa sababu pale jina lilisubiri meno.

Lazima niseme hapa desturi yenyewe, maana vijana wengi hamuijui na wazee wa kiume wanaijua nusu. Mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakuzikwa na wanaume. Alizikwa na wanawake watu wazima, siku hiyo hiyo, nyuma ya nyumba, bila kilio, bila tuta, bila jiwe. Juu walisawazisha wakapitisha ufagio. Baba hakuulizwa wala hakuuliza. Mama alibaki ndani. Mimi nilibaki ndani, mchana kweupe, nimelala upande wa ukutani, na kupitia ukuta nilisikia jembe. Nilihesabu mapigo kumi na manane. Mama mkwe akaingia, akanawa mikono, akaniambia: "Usilie mwanangu, utawazibia njia wenzake." Jioni mume wangu alirudi na ng'ombe, akakuta nyumba kimya, akaelewa, akaenda kukaa zizini. Hatukuliongea. Baada ya wiki tatu nilikuwa darasani nikichora milima ya mashariki ya Tennessee.

Miaka ikaenda. Mwalimu Kitundu alistaafu akarudi kwao Kiomboi, ramani akaniachia. Nilifundisha wajanja na wazito. Somo gumu kuliko yote lilikuwa ziwa moja la magharibi mwa Tennessee, ambalo halikuchimbwa na mtu. Zamani ardhi ilitetemeka huko kwa majuma, nchi ikadidimia, na mto Mississippi ukaonekana kwa muda ukirudi nyuma. Maji yakajaa penye msitu, na visiki vya miti vimesimama majini mpaka leo. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, meza hutikisika siku moja moja na vikombe vikalia kabatini, kwa hiyo watoto hawakuliona jambo hilo kama hadithi. Siku ya somo hilo hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka nje.

Mwaka ambao habari za kujengewa bwawa zilifika kijijini kwetu, jua la dirishani lilikuwa limeila sana bluu ya ramani. Nilikuwa sijaipaka tangu mwaka uliopita. Nilikuwa na vipindi thelathini na mtoto wa pili anaumwa. Jumatatu niliitundika. Alhamisi msichana mmoja wa mstari wa mbele, Zuhura, mtoto makini asiyependa mzaha, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hivyo vijiji kwenye maji ni vya nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Jumatatu vilikuwa vinne. Leo ni saba."

Nilisogea. Zilikuwa nukta za penseli zikichomoza kwenye bluu iliyopauka, moja hapa, moja pale, kila moja mahali ambapo watu walikuwa wakiishi. Nikawaeleza habari ya jua na rangi, maelezo sahihi kabisa. Ijumaa, darasa likiwa tupu, nilizihesabu peke yangu. Zilikuwa kumi na mbili. Nikahesabu tena kwa kuanzia mashariki. Kumi na mbili. Labda Mwalimu Kitundu alikosea hesabu, labda nzi alitua. Nilikoroga bluu nzito nikaipaka mara mbili, na mwaka uliofuata shule ilipata ramani za kuchapwa, nikaikunja ile ya bafta nikaipeleka Kiomboi kwa mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili akaenda kuiweka ndani bila kuifungua.

Bwawa letu lilikuwa dogo, wala sitalilinganisha na mradi wa watu wa Tennessee. Ukingo wa udongo uliotoka kilima hadi kilima, maji ya ng'ombe na bustani. Tulilihitaji. Miaka miwili mfululizo mtama ulikuwa umekauka ukiwa na urefu wa goti. Ila maji yangekaa bondeni, na bondeni palikuwa na nyumba kumi na sita, nyumba ya mama mkwe ikiwa ya tatu kutoka korongoni.

Mkutano wa kijiji uliitwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wapimaji walieleza vizuri. Wazee wakawa wazito. Ndipo mwenyekiti akasema: "Hapa tunaye mwalimu. Mambo ya mabwawa ya Ulaya na Marekani anayafundisha kila mwaka. Mwalimu, hebu tuambie, yanafaa?"

Nikasimama. Nakiri nilijisikia mtu. Niliwapa Tennessee yote, mafuriko, udongo, malaria, umeme, nikiwahesabia faida kwa vidole. Watu walipiga makofi. Mume wangu alikuwa amekaa chini ya ukuta wa darasa na wanaume wenzake, akitabasamu kwa mbali.

Mama mkwe akasimama upande wa wanawake. Hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni, hata mwenyekiti alishangaa.

"Mwalimu," akasema. Nyumbani aliniita mwanangu. Hapo akaniita mwalimu. "Huko unakokujua, walipoleta maji, waliolala ardhini waliwafanyaje?"

Wanaume waligeuka kumsikiliza, wakidhani anauliza habari ya kaburi la mumewe, lililojengwa kwa saruji. Wanawake watu wazima hawakugeuka. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nilijua vizuri kabisa anachouliza. Alikuwa amenifungulia mlango mbele ya watu, mimi msomi, mimi mwenye ruhusa ya kusema mambo ya makaburi kwa jina la somo, kwa sababu yeye asingeweza. Nilichotakiwa kusema ni kwamba wako wengine wasio na tuta na lazima waulizwe wanawake. Vitabu vyangu havikuwa na hata mstari mmoja juu ya makaburi ya Tennessee. Na mdomo wangu, ambao haukuwahi kukosa jibu darasani, ukasema:

"Walihamishwa wote, mama."

Mama mkwe akasema, "Haya," akaketi, akakunja kanga yake magotini. Kijiji kikakubali.

Orodha ya makaburi iliandikwa kwa kuzunguka na wenye nyumba, yaani wanaume. Kila lenye saruji, jiwe au tuta liliandikwa. Yalihamishwa kwa heshima, viongozi wa dini wote wawili wakiwapo, sina lawama kwa aliyeshika kalamu. Aliandika alichoonyeshwa. Siku ya mwisho ya orodha nilimfuata mama mkwe akipeta mtama.

"Shikamoo mama. Twende tukawaambie. Bado kuna nafasi."

"Marahaba. Tukamwambie nani?"

"Wale wa orodha."

"Wanaume wale?" Aliendelea kupeta. "Mimi nikasimame na mkwe wangu, nimwonyeshe kijana wa watu nyuma ya nyumba yangu? Nilikuuliza pale uwanjani. Umesema walihamishwa wote. Basi wamehamishwa."

"Angalau nionyeshe mimi. Ni wapi hasa?"

"Nyuma ya nyumba. Unataka nini zaidi?"

Nilikwenda peke yangu nikasimama nyuma ya nyumba ile. Ardhi ilikuwa sawa kama meza, imefagiliwa kwa miaka mingi. Niliona aibu, kisha nikaona hofu, maana nilianza kuogopa mahali pa kukanyaga. Niliondoka nikipita pembeni kabisa ya ukuta.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Maji yalipanda kimyakimya. Jioni ya Ijumaa yalikuwa korongoni, Jumanne paa la nyumba ya mama mkwe, ambalo bati zake zilikwisha kung'olewa, lilionyesha fito tu. Serikali ilitujengea juu kilimani. Ng'ombe walinenepa, mboga zikajaa gulioni. Kwa hesabu zote niliyoyaahidi uwanjani yalitimia.

Ila wanawake wa umri wa mama mkwe hawakunywa maji yale. Hakuna aliyetangaza wala kupanga. Walipita kandokando ya bwawa lililojaa, ndoo kichwani, wakaenda kisima cha zamani nyuma ya kilima, saa nzima kwenda na kurudi, wakapita tena kandokando. Binti zao waliwacheka, wakasema ni ushamba. Mabwana afya walikuja wakayapima maji wakayasifu. Wao waliitikia vizuri kisha wakachukua ndoo zao. Siku ya kufungua bomba la shule, mimi nilipewa glasi ya kwanza mbele ya wanafunzi wote kwa sababu ndiye mwalimu wa mabwawa. Nikanywa. Yalikuwa maji ya kawaida, baridi. Nilitapika nyuma ya ofisi ya walimu, nikasema ni malaria.

Mama mkwe alichagua kukaa upande wa nyumba unaotazama maji. Alasiri nilipotoka kazini nilimkuta hapo akichambua mboga, akisikiliza. Nilikuwa namwamkia, naye baada ya kuitikia alinipa habari za siku: mbuzi amezaa, jirani ameleta chumvi. Na siku nyingine, kwa sauti hiyo hiyo ya habari za mbuzi, alisema: "Leo wametulia." Au: "Leo wamesumbua tangu asubuhi." Mara ya kwanza niliuliza ni nani. Aliniangalia mpaka nikaenda kuwasha jiko. Nami sikusikia kitu, naapa, isipokuwa maji yakigonga ukingo. Lakini nilianza kuzijua siku za kusumbua kabla hajaniambia, na sijui nilizijuaje.

Elia alipoanza kazi aliniletea simu ya kisasa. Nikakaa ofisini saa ya chakula, nikasoma Tennessee kwa mara ya kwanza bila mtihani. Nikasoma kwamba makaburi ya lile bonde yaliorodheshwa, jamaa wakatafutwa wakaulizwa. Mengi yalihamishwa, na mengine jamaa waliomba yaachwe. Kwa hiyo jibu langu halikuwa kweli hata huko. Waliulizwa jamaa. Na kwetu jamaa wa kuulizwa nilikuwa mimi, nimesimama, uwanja mzima ukisubiri.

Nikasoma na jingine. Jina lenyewe la Tennessee lilitokana na kijiji kimoja cha Wacherokee, Tanasi, wenyeji ambao walikwisha kufukuzwa kwenda mbali magharibi. Kijiji kile sasa kiko chini ya bwawa. Ukingoni wameweka jiwe la ukumbusho, na jiwe linaeleza kuwa mahali penyewe ni kule, majini. Nililitamka jina hilo kila mwaka, mara mia kwa kipindi, nikiwataka watoto waliandike kwa herufi kubwa, na muda wote nilikuwa naita kijiji kilichozama. Walimu wenzangu waliniuliza kama nimepata msiba kwenye simu. Nikasema hapana, ni somo tu. Tangu siku hiyo nilifundisha na habari hiyo, ingawa haiko kwenye silabasi, na mkaguzi mmoja aliniandikia kuwa napoteza muda wa kipindi.

Mama mkwe alifariki wakati wa baridi, amekaa upande wake ule ule. Alizikwa kilimani, saruji, jina, msalaba. Hakunionyesha, na wenzake wa siku ile ya jembe walikwisha kumtangulia, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kunionyesha.

Mwaka wangu wa mwisho kazini mvua zilikata. Bwawa lilipungua wiki hata wiki. Kwanza zikatokea ncha za kuta, halafu vizingiti, halafu mafiga. Watoto wa shule walikwenda kushangaa, wakapiga picha. Mwishowe maji yalibaki dimbwi korongoni, na sakafu nzima ya bonde ikawa tope jeupe lililopasuka vipande. Siku ya Jumamosi Baba Elia alishuka na ng'ombe asubuhi. Saa sita alirudi bila ng'ombe.

"Kuna kitu bondeni," akasema. "Njoo."

"Kitu gani?"

"Wewe njoo."

Jua lilikuwa utosini, hakuna kivuli hata cha fimbo. Juu ya ukingo walisimama wanaume kama thelathini. Ng'ombe nao walisimama, kiu imewashika, wala hawashuki. Nilitazama. Tope lote lilikuwa jeupe, limekauka. Lakini nyuma ya kila msingi wa nyumba, upande wa mlango wa uani, palikuwa na madoa meusi, mabichi, yaking'aa kama yamemwagiwa maji sasa hivi. Kila doa ukubwa wa ungo. Nyuma ya nyumba hii mawili. Nyuma ya ile matano. Nyumba kumi na sita, na hapakuwa na hata moja isiyo na doa.

Nikamshika mume wangu mkono mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Mwenyekiti alinipisha njia. Ni yule yule, amezeeka. "Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa tumelingana. "Wewe ndiye mwenye mambo ya ardhi. Hebu tuambie, hii ni nini?"

Ndugu zangu walimu, maelezo ninayo, na nitawapa. Udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa hausongamani tena kama wa jirani yake. Ukizama maji unayashika zaidi, na wa pembeni ukikauka, huo unabaki mbichi siku kadhaa. Niliwaeleza hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani.

"Umechimbwa na nani?" aliuliza mmoja.

"Na mama zenu."

"Wakazika nini?"

Hapo sauti ya darasani iliniishia. "Watoto," nilisema. "Wale wasiokuwa na meno. Niliulizwa habari yao pale uwanjani, nikawadanganya. Hawakuhamishwa. Wangu yumo."

Wazee wa kiume walianza kuvua kofia, mmoja baada ya mwingine, wakihesabu kwa macho nyuma ya nyumba walizozaliwa. Nyuma yetu wanawake watu wazima walikuwa wamefika. Hawakusubiri kuambiwa. Walishuka kwenye tope, polepole, kila mmoja akaenda kwake moja kwa moja bila kutafuta.

Sisi tulishuka mpaka nyumba ya tatu. Nyuma yake palikuwa na madoa manne. Mume wangu, ambaye kwa miaka sitini na kitu alijua kuwa ni mtoto pekee, aliyahesabu kwa kidole.

"Yupi ni wetu?" akaniuliza. Hakuwahi kuniuliza.

"Sijui," nilimwambia. "Sikuwapo. Nilisikia jembe tu."

Akavua katambuga zake akaziweka pembeni. Alichuchumaa kwenye doa la kwanza, akaweka kiganja juu ya udongo mbichi, akataja jina. Jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia, na hapa sitaliandika. Alikuwa nalo tangu jioni ile aliyokwenda kukaa zizini. Akasogea doa la pili, akalitaja lile lile. Akasogea la tatu. Kwenye doa la nne sauti yake ilikatika katikati ya jina, nikalimalizia mimi.